Yule bwana wa "p = 0.000" karudia tena, na safari hii katujibu shombo

Wakuu, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Rasimu yake ya takwimu imerudi sasa hivi. Jedwali la 4: p = 0.000 (p ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama hii au zaidi kwa bahati tu, kama kweli hakuna tofauti). Aliambiwa aandike p < 0.001. Jibu lake: "Kompyuta haikosei, labda msomaji." MSOMAJI!

Zile sifuri tatu ni SPSS, ile programu ya takwimu, imekadiria hadi desimali ya tatu. Maana yake thamani iko chini ya 0.0005. Bofya jedwali mara mbili, kisha kisanduku chenyewe, namba ndefu inajitokeza. Yeye anatutangazia uwezekano wa sifuri! Hata kupata siti ya daladala la Mbagala saa 12 jioni kuna uwezekano kuliko huo.

Humo humo kaandika 12.4 ± 3.1 bila kusema ni mchepuko sanifu (data zimetawanyika kiasi gani) au kosa sanifu (wastani wenyewe unaweza kuyumba kiasi gani). Kwa sampuli ya 100, mchepuko ni mara 10 ya kosa! Tena "62.50%" ya kundi la watu 8. Andika 5 kati ya 8, yaishe. Hayo yote ningemeza. Lakini "labda msomaji"?

BintiTakwimu: Na p peke yake haitoshi. Aweke tofauti yenyewe na mipaka ya uhakika ya 95% (tofauti halisi inaweza kuwa kuanzia wapi hadi wapi), tujue ni kubwa kiasi gani.

MzeeWaPembeni: Povu lote hili kwa sifuri tatu? Kunywa maji mkuu.

KonaYaAljebra: Wa takwimu mnadeka. Huku kuna mtu anaandika "ni dhahiri kwamba" pale pale uthibitisho unapovuja. Herufi n ukurasa wa 2 ni idadi ya safu, ukurasa wa 5 ni namba yoyote asilia. Na anaanza sentensi kwa alama: "…kwa kila x. y ni chanya", nukta inasomeka kama kuzidisha.

Mleta uzi: Fungua uzi wako. Hapa ni "labda msomaji".

DadaJedwali: Steshenari je? Unapeleka faili la Word, yao ya zamani, milinganyo inatoka visanduku vitupu. Pelekeni PDF.

KonaYaAljebra: Na fonti ziwe zimepachikwa humo ndani, la sivyo ni yale yale.

MzeeWaPembeni: Kuprinti rangi Mwenge siku hizi bei gani?

DadaJedwali: Grafu usiprinti rangi. Mstari mmoja nukta, mwingine vistari, hata fotokopi itasomeka.