Migomba ya kisukari inakauka Kibosho, naomba jina la dawa

Mrithi wa Kihamba: Ndugu zangu, migomba yangu ya kisukari inaugua. Majani ya chini yanageuka manjano kuanzia ukingoni, yanavunjika kwenye vikonyo na kuning'inia kulizunguka shina, ambalo nalo limepasuka karibu na ardhi. Migomba ya kimalindi, aina nyingine iliyo jirani, iko salama. Nipulizie dawa gani?

Mama Shamba: Pole, kaka. Kata shina chini kabisa. Nyuzi za kahawia nyekundu ni dalili ya ugonjwa wa Panama. Ukiona usaha wa manjano, huo ni mnyauko wa bakteria. Machipukizi uliyatoa wapi?

Babu wa Machame: Kwa mama yangu tuling'oa, tukamwaga majivu, tukapanda kisukari palepale. Ikafa yote. Zamani hakuna aliyeingiza mche kihambani, yaani shamba la nyumbani la ukoo, bila kuuliza ulikotoka, na vijana mmeuacha utaratibu huo.

Mrithi wa Kihamba: Nimekata. Kuna duara la madoa ya kahawia nyekundu, kama kutu. Machipukizi alinipa shemeji, ambaye migomba yake kadhaa ilikuwa imekufa. Tena jirani amenilipa nusu ya bei ya machipukizi 40, atayachukua Jumamosi. Nimechagua yaliyo kijani kabisa, na fedha nimeshalipia ada.

Mpekuzi: Nina mashaka na kisa hiki. Mtu aliyekwisha kuuza machipukizi angeanzaje kwa kuuliza dawa ya majani? Weka picha, la sivyo umekitunga.

Mrithi wa Kihamba: Sijatunga, ndugu yangu. Niliona aibu.

Mama Shamba: Kaka, hiyo ni Panama. Kuvu inayoileta huingia kwa mizizi na kuziba njia za maji ndani ya shina, kwa hiyo hakuna dawa ya kupulizia itakayoiponya. Chipukizi la kijani kutoka shina gonjwa hubeba ugonjwa, nao ukishaingia hukaa udongoni zaidi ya miaka 20. Usitoe hata chipukizi moja, osha udongo kwenye jembe na buti, usirudishie kisukari hapo, na waulize TARI Tengeru, kituo cha utafiti wa kilimo, kuhusu miche safi iliyozalishwa maabara.

Mrithi wa Kihamba: Nimempigia jirani na kumweleza yote. Fedha yake nitamrudishia nikiuza kahawa, amekubali. Kisha akaniuliza kuhusu jembe langu aliloliazima Jumatatu, kwa kuwa amelilimia shamba lake lote la kisukari, na lilipotoka kwangu lilikuwa na udongo.