Wametuuzia tiketi kwa bei kamili, kumbe bustani wameikodisha kwa harusi!

Wakuu, leo sizunguki mbuyu. Nimekasirika.

Jumamosi nilimpeleka mama kwenye jumba moja la kale lenye bustani, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Birmingham. Mama amekuja kunitembelea kutoka Lushoto, na mapeasi amelima tangu sijazaliwa. Alitaka kitu kimoja tu: kuona bustani ya ndani ya ukuta. Zamani wenye majumba haya walipanda miti ya matunda ikiambaa ukutani, matawi yamenyooshwa kwenye waya, kwa sababu tofali hunyonya joto la jua mchana na kulitoa usiku, na matunda yanaiva hata kwenye baridi ya huku. Wiki nzima mama alikuwa ananiuliza kama ukuta wa nyuma ya nyumba yetu ungefaa.

Pauni 22 kila mtu, nimelipa mtandaoni siku tatu kabla. Getini wameskani tiketi, wametupa ramani, karibuni sana. Mama na goti lake bovu akatembea njia ya kokoto, tukalizunguka ziwa (la kuchimbwa, kwa ule mtindo wa Lancelot Brown, mbunifu wa bustani wa Uingereza wa karne ya 18, na uzuri wake siukatai), dakika 40 nzima. Tunafika, geti la chuma limefungwa. Kibao: shughuli binafsi.

Mama akashika vyuma, akachungulia. Mti wa kwanza ulikuwa hatua chache tu. "Ona, mwanangu, wamefunga kwa kamba laini ili gome lisichubuke." Akaendelea kusimama pale mpaka mlinzi akaja kumwambia asogee, maharusi wanapiga picha. Mama wa miaka 71 anafukuzwa getini kama mwizi, na tiketi anayo mkononi!

Ofisini naambiwa masharti yanaruhusu kufunga sehemu yoyote. Hela hairudi, chukua vocha ya chai. Nimeikataa. Harusi haipangwi asubuhi ya siku ileile. Walijua tarehe hiyo tangu miezi nyuma na bado wakaniuzia. Wangeandika mstari mmoja tu, ningekwenda Jumapili.

Mama anapanda ndege Alhamisi. Aliye maeneo ya huku na anaijua bustani ya namna hiyo ambayo katikati ya wiki inafunguliwa kweli, aniandikie leo. Nitapiga simu kuhakikisha kabla ya kutoa hata senti.