Mawe ya figo yamerudi mara ya tatu, dokta anataka nimeze vidonge kila siku. Nifanyeje?

kichaka_kidogo: Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kabla sijaharibu. Mawe yamenirudia mara ya tatu ndani ya miaka minne, hili la juzi limetoka lenyewe usiku naita mama kama mtoto, nikalidaka kwenye chujio la chai, punje ya mchele hivi lakini lina miba, nimelitunza kwenye kiberiti. Dokta kaandika potasiamu sitreti, vidonge vya kuzuia mawe yasirudi, kila siku, hakuna cha kumaliza dozi. Jirani naye ana unga wa mizizi anasema unayeyusha yote. Nishike lipi?

mama_wawili: Pole mwaya. Mi nimezaa wawili kwa uchungu wa kawaida ila jiwe la figo lilimliza mume wangu sakafuni. Acha maziwa, ndo yanayoleta.

nesi_wa_zamu: Maziwa asiache jamani, kalisiamu ya chakula inakamata oksaleti, ile kitu inayounda mawe mengi ya figo, humohumo tumboni. Apunguze chumvi. Mleta uzi, maji unakunywa kiasi gani?

kichaka_kidogo: Ya kawaida tu.

nesi_wa_zamu: Kawaida ndo ngapi? Na kazi yako ipi?

kichaka_kidogo: Haya. Naendesha lori Dar–Tunduma. Chupa moja ndogo mpaka jioni, maana ukisimamasimama kuchimba dawa bosi anapiga simu. Nakunywa na zile vitamini C za kuyeyusha, miligramu 1000 mara mbili kwa siku, zinachangamsha. Msinishambulie, unga nishalipia nusu, na vidonge nimeacha wiki ya pili vinanisumbua tumbo.

mtani_wa_kitonga: Kumbe lori zinakwama mlimani dereva kabeba kokoto zake 😂

nesi_wa_zamu: Vitamini C acha leo, kwa kiwango hicho mwili unazigeuza oksaleti. Vidonge meza na chakula, vikikataa rudi kwa dokta usijiachie tu. Maji unywe mpaka mkojo ufike lita 2.5 kwa siku. Na hilo jiwe lipeleke maabara lijulikane ni la aina gani, kiberiti hakipimi.

mpima_chai: Wakuu hii chai, tena ya rangi. Huyu mwezi uliopita alikuwa anauliza mbolea ya matikiti Kilosa. Lori kapewa lini?

kichaka_kidogo: Shamba la wife wewe! Niko foleni ya mizani Vigwaza saa hizi, nipige picha kiberiti?

mpima_chai: Piga, weka na shilingi mia pembeni tuone ukubwa.

mama_wawili: Samahani, hayo matikiti bado yapo? Bei ya jumla?