Maktaba si chumba cha mtihani: malalamiko yangu kuhusu wanaotuharibia riwaya za Kiswahili

Wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na naomba asitokee mtu wa kuniambia nipoe kabla hajausoma wote. Mimi si mwalimu, si mhakiki, wala si mwanafunzi. Ni mfanyakazi wa kawaida ambaye jioni hupenda kusoma riwaya, na kwa kuwa vitabu ni ghali, huviazima katika maktaba ya umma ya mjini kwetu. Miezi hii ya karibuni nimesoma riwaya kadhaa za Kiswahili kutoka maktaba hiyo, na karibu kila moja nimeikuta imekwisha kuharibiwa na mtu anayeamini kwamba hakuna binadamu anayefungua riwaya ya Kiswahili isipokuwa ana mtihani mbele yake.

Nianze na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960, ikamleta kwetu mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Hii ni riwaya ya upelelezi. Bwana Ali anakutwa ameuawa, maiti yake iko mahali ambapo watu wanapaogopa kwa ajili ya mzimu, na kuanzia hapo msomaji hana kazi nyingine ila kukisia. Sasa nielezeni ninyi mnaojua kusoma: ni ubinadamu gani unaomfanya mtu achukue kalamu ya wino mwekundu, afungue ukurasa ambao mhusika fulani anatajwa kwa mara ya kwanza, na kuandika pembeni kwa herufi kubwa NDIYE ALIYEUA, kisha achore mshale ili macho yasije yakapotea? Aliyefanya hivyo hakuwa na chuki na mimi, maana hanijui. Alikuwa anajiandalia jibu la swali la wahusika, na wazo la kwamba baada yake atakuja mtu mwingine anayetaka kushtuka mwenyewe halikumpitia kichwani.

Hata hivyo niliimaliza, na kwa haki ya mwandishi niseme kwamba mazungumzo ya Bwana Msa na rafiki yake Najum yananoga hata pale unapojua kila kitu. Lawama yangu kwake ni moja tu: Bwana Msa hutuficha mno aliyoyaona, kisha mwishoni humwaga maelezo yote kwa pamoja, nasi tunabaki kuamini kwa kuwa amesema yeye. Lakini hilo ni jambo ambalo ningependa niligundue mwenyewe, kwa wakati wangu, bila msaada wa wino mwekundu.

Maandishi ya pambizoni hayaishii kwenye majina ya wauaji. Ukurasa baada ya ukurasa utakutana na "dhamira: umaskini", "mhusika bapa", "tashibiha", "takriri", na mistari iliyopigwa chini ya sentensi ambazo hazikuhitaji kuguswa. Mahali mama anamlilia mwanawe, pembeni pameandikwa "nafasi ya mwanamke". Mtu anayesoma kwa moyo wake wote hufika hapo akiwa anataka kulia, ghafla anakumbushwa kwamba kuna alama zinatolewa. Najua wanafunzi wetu hawana vitabu vya kutosha na wengi hutegemea nakala hizo za umma. Daftari lakini wanalo.

Wachapishaji nao wasikae pembeni wakidhani hasira hizi zinawahusu vijana wa sekondari peke yao. Riwaya mbili kati ya nilizoazima, ambazo sizitaji kwa sababu nikizitaja nitakuwa nimetenda dhambi ileile ninayoilalamikia, zina dibaji iliyoandikwa na msomi ambaye, kabla sijamjua hata mhusika mmoja kwa jina, ananieleza nani atakufa, atakufaje, na kifo hicho kinamaanisha nini katika jamii yetu inayobadilika. Moja kati ya hizo imerudia habari hiyohiyo kwenye jalada la nyuma, sehemu ambayo kazi yake ni kumshawishi mtu akisome kitabu. Uchambuzi huo ni mzuri, nami sina ugomvi na elimu ya aliyeuandika. Ugomvi wangu ni mahali ulipowekwa. Kwa nini usiwekwe mwishoni, ukamsubiri msomaji amalize?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba baadhi ya vitabu hivi vina historia inayowasuta watu hawa. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa kwa muda isisomwe shuleni, kwa kuwa ilisema waziwazi mambo ambayo wazazi na walimu hawakutaka yasemwe mbele ya wasichana. Baadaye ikaruhusiwa, ikawekwa kwenye orodha ya vitabu vya shule, na leo nakala ya maktaba yetu imechakazwa na miongozo na maswali ya marudio kiasi kwamba riwaya iliyozuiwa wanafunzi wasiisome sasa haisomwi na mtu mwingine ila mwanafunzi. Nami nawahakikishia kwamba ni kitabu cha watu wazima, tena hasa wenye mabinti. Zakaria, yule baba mkali, amenikaa kifuani kuliko Rosa mwenyewe, kwa sababu ninawajua wanaume wa namna yake na ninajua kwamba kila mmoja wao anaamini kipigo ni malezi. Kichwamaji ya mwandishi huyohuyo, ya mwaka 1974, niliisoma mara tu baada ya hiyo, na sikumpenda mhusika wake mkuu, Kazimoto, hata kidogo. Anajisikia, anawadharau watu wa kijijini kwao kwa kuwa amefika chuo kikuu, kisha anashangaa kwa nini hana furaha. Lakini sikuweza kukiweka chini. Mwongozo wa mtihani hauna safu ya kujaza hisia kama hiyo.

Kisha litazameni rafu lenyewe. Nakala za riwaya zilizowahi kuwa vitabu teule, yaani vya kutahiniwa shuleni, zimejazana, nyingine zikiwa zimetoka majalada, ilhali riwaya ambazo baba zetu walizigombania kwa ajili ya raha tupu hazipo. Niliwauliza wakutubi kuhusu Willy Gamba wa Elvis Musiba, yule mpelelezi wa Kufa na Kupona na Njama, nikaonekana kama mtu aliyeuliza bei ya pombe msikitini. Sisemi kwamba Musiba ni Kezilahabi. Nasema kwamba watu wengi wa rika la wazazi wangu walianza kupenda kusoma kwa sababu ya vitabu vya namna hiyo, na maktaba ya umma isiyo na kitabu cha kumfurahisha mtu aliyechoka na kazi imelisahau neno "umma" kwenye kibao chake.

Katika hivyo vitabu teule, nimesoma Kufikirika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake, na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Kufikirika ilinifurahisha pale mfalme asiye na mrithi anapowakusanya waganga wa kila namna, kila kundi na mbinu zake, wote wakiwa na uhakika kuliko walivyo na dawa. Hotuba ndefu zilinichosha, na sioni aibu kusema hivyo. Shaaban Robert hatapungukiwa na kitu kwa msomaji mmoja kupiga miayo, lakini mtoto wa kidato cha sita haruhusiwi kusema kwamba alipiga miayo, na hapo ndipo unafiki unapoanzia.

Vuta N'kuvute ndiyo bora kuliko zote nilizoazima, na ningeinunua leo kama mfuko ungeruhusu. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa Bwana Raza, mtu mzima wa kumzaa, anamtoroka na kuja kuangukia maisha ya Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, kwa Mwajuma, na tangu Mwajuma anapofungua mlango riwaya yote inachangamka. Huyu hana elimu wala mali, hamwogopi mtu, na kila anapoingia unasikia taarabu kabla haijapigwa. Denge, kijana aliyesoma Urusi na kurudi Unguja kupambana na Waingereza, naye ni mtu wa kusifiwa. Mimi lakini namwona mkavu, kwani hata mapenzi huyaendesha kama mkutano wa siri. Kwenye nakala yangu, jina la Mwajuma limezungushiwa duara na kuandikwa "mhusika msaidizi". Nilicheka kwa uchungu.

La mwisho ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022 ya riwaya ambayo Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994. Kwenye rafu la fasihi ya Kiswahili, namba 896.392, sikuiona. Nilielekezwa kwenye 823 pamoja na riwaya za Waingereza, na mkutubi akanieleza kwa upole kwamba mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba, huiacha tafsiri palepale ilipo lugha ya kwanza ya kitabu. Kanuni nimeielewa. Lakini mtu anayetafuta cha kusoma kwa Kiswahili hatafika kwenye rafu hilo, kwa hiyo kisa cha Yusuf, mtoto wa miaka 12 anayetolewa na baba yake kwa mfanyabiashara Aziz kufidia deni, kimerudi katika lugha ya mahali kinapotokea halafu kikafichwa. Ndiyo nakala pekee niliyoikuta safi, haina hata alama moja ya kalamu, na sidhani kwamba ni kwa sababu ya heshima.

Kwa hiyo nadai mambo haya. Wachapishaji wahamishie uchambuzi nyuma ya kitabu katika toleo lijalo, jambo ambalo halitawagharimu ukurasa hata mmoja wa ziada. Wakutubi waifungue nakala inaporudishwa na kumtoza faini aliyechorachora ndani yake, kama wanavyomtoza aliyeichelewesha, na kwenye rafu la Kiswahili waweke japo kibao cha kuonyesha tafsiri ziliko. Walimu, wawaambie wanafunzi wao wanunue penseli na daftari. Na wale mtakaokuja hapa chini kuniandikia kwamba vitabu hivi vilitungwa kwa ajili ya shule, nileteeni kwanza mwandishi mmoja, kati ya hawa niliowataja, aliyeketi kuandika akimfikiria msahihishaji.