Mtoto wa darasa la awali anacheza kutwa: je, anajifunza kweli?

Mama wa Kihonda, Morogoro

Ndugu wasomaji, ninaomba ushauri wenu, hasa walimu wa madarasa ya awali na wazazi mliokwisha kupita hatua hii. Mwanangu ametimiza miaka mitano na yumo darasa la awali katika shule moja ya hapa mjini. Kila nikimuuliza walichofanya, hunijibu kwamba wameimba, wamejenga nyumba kwa vipande vya mbao, wamecheza duka kwa vizibo vya soda na wamesimuliwa hadithi ya sungura na fisi. Daftari lake limejaa michoro na mistari ya kupinda, lakini herufi ni chache mno. Binti wa jirani yetu, aliye na umri huohuo na anayesoma shule nyingine, anaandika irabu zote bila kusaidiwa, anahesabu hadi mia moja, na kila jioni ana kazi ya nyumbani. Baba yake mtoto anaona tumhamishe mapema, kwa kuwa baadhi ya shule binafsi huwapa watoto usaili wa kuandika kabla ya kuwapokea darasa la kwanza. Mimi nasita, maana mtoto anakwenda shuleni kwa furaha, na zamani alikuwa akilia kila aliponyang'anywa kitu, ilhali siku hizi anajieleza. Je, michezo hiyo inamjenga, au tunampotezea muda?

Mwalimu wa Awali, Iringa

Mama, hilo uliloligusa mwishoni ndilo ningependa kuanza nalo, kwa sababu wazazi wengi huliona kuwa ni tabia tu na si somo. Mtaala wa elimu ya awali ulioandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania mwaka 2016 ulitaja maeneo sita ya umahiri: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, stadi za kisanaa na dhana za kihisabati. Mtoto anayeweza kungoja zamu yake, na kumwambia mwenzake "nirudishie, nilikuwa bado nakitumia" bila kumpiga, amepata uwezo atakaouhitaji kila siku darasa la kwanza, atakapotakiwa kutulia, kusikiliza maelekezo na kuyafuata.

Uchukue huo mchezo wa duka. Muuzaji anapodai vizibo vitatu kwa nyanya moja, na mnunuzi akavitoa kimoja kimoja mkononi, wote wawili wanaunganisha jina la namba na idadi ya vitu. Wapo watoto wanaotaja namba hadi mia kwa kufuata mdundo, lakini ukiwaomba wakuletee vijiti saba wanakuletea fungu lolote. Mjaribu mwanao nyumbani: mwambie akutolee maharage saba, kisha uyatandaze mezani na umuulize tena ni mangapi. Asipohitaji kuhesabu upya, ameelewa kwamba idadi haibadiliki kwa kutawanywa, jambo ambalo watoto wengi hulifikia kati ya miaka mitano na saba.

Kuhusu kuandika, mifupa midogo ya kifundo cha mkono huwa ni gegedu, yaani bado ni laini na haijawa mfupa mgumu, mtoto anapozaliwa, nayo hukomaa mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi. Kufinyanga udongo, kutunga shanga na kuchora ile mistari ya kupinda huimarisha vidole na kumzoeza mtoto kuongoza mkono wake, kwa hiyo usiione mistari hiyo kuwa ni mchezo wa kupitisha saa. Kusoma nako huanzia masikioni. Tunapopiga makofi kwa kila silabi, au tunapotega vitendawili, mtoto anajifunza kuyasikia maneno vipande vipande, na kwa kuwa Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, aliyezoea kusikia silabi hapati shida kubwa akikutana nazo ubaoni.

Mzazi wa Kisauni, Mombasa

Nawasalimu nyote. Naunga mkono aliyoyasema mwalimu, na sisi wa Pwani tuna ushahidi wetu. Katika miaka ya 1980, wazee wa Kiislamu wa hapa walitaka watoto wao wasiachwe nyuma shuleni na wakati huohuo wasikose malezi ya dini. Wakfu wa Aga Khan uliwasaidia, na Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, akaiongoza kazi ya kuanzisha shule za awali za madrasa, zilizoenea baadaye Zanzibar na Uganda. Shule hizo zilifuata njia ya kumwachia mtoto achague, atende na aeleze alichotenda, kwa vifaa vinavyopatikana kwetu.

Njia hiyo ilichota kwa wale waliofanya utafiti wa Perry huko Ypsilanti, Michigan, ulioanza mwaka 1962 na kuwafuatilia watoto 123 hadi utu uzima. Waliopata elimu ya awali walipata kipato kizuri zaidi na walikamatwa na polisi mara chache zaidi kuliko wenzao. Kwa shule za madrasa, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwalinganisha watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar: waliosoma shule yoyote ya awali walikuwa mbele ya waliobaki nyumbani, na wa madrasa walikuwa mbele zaidi.

Mwalimu Mkuu, Kanda ya Ziwa

Nawaheshimu waliotangulia, lakini tusimfanye mama huyu aamini kwamba mchezo wowote unatosha. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, madarasa yetu mengi ya awali yamefurika, ilhali kiwango cha serikali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Palipo na umati, "kucheza" mara nyingi ni watoto kuachwa uwanjani hadi saa ya kwenda nyumbani, na hapo hakuna anayewauliza swali wala kuwaongezea msamiati. Tusisahau pia tumbo. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mtoto asiyepata hata uji asubuhi hana nguvu za kujifunza, uwe umempa vizibo au daftari.

Mama wa Kihonda, Morogoro

Ninawashukuru sana. Nitajuaje, basi, kama darasa la mwanangu lina mwalimu anayefundisha kwa michezo au anayewaacha tu?

Mwalimu wa Awali, Iringa

Mkuu amesema kweli, na swali lako ndilo linalofaa. Omba ruhusa ukae darasani asubuhi moja, na umsikilize mwalimu kuliko unavyowatazama watoto. Akiinama kwenye kona ya duka na kuuliza "umebakiwa na vingapi, umejuaje?", akasubiri jibu hata likichelewa, mwanao yuko mahali pazuri. Angalia kama wakimya nao wanaitwa wazungumze, kama vifaa vimewekwa mahali watoto wanapovifikia, na kama hadithi husimamishwa katikati ili watoto wakisie kitakachofuata. Kuhusu usaili, mzoeze kuandika jina lake kwa dakika chache jioni, akiwa hajachoka, na umwachie akitaka kuacha. Kwa hilo peke yake nisingemhamisha.