Tupeane uzoefu: Miradi ya wanafunzi wa uhandisi vijijini huwa inafia wapi?

Mleta mada: Wakuu, muhula unaisha, na kama kawaida vijana wa uhandisi wa Arusha na Moshi wanashuka vijijini kuhudumia jamii huku wakitafuta maksi: gata, maji, sola. Pita baada ya mwaka, unakuta kuku wanafugwa ndani ya simtanki. Inafia wapi? Naomba vipimo, lawama tunazo za kutosha.

Spana 22: Kwenye koki. Nimemaliza.

Bati Geji 28: Spana katania ila kuna ukweli. Mimi naanza juu zaidi, kwenye gata. Hesabu ya paa kila mwanafunzi anaijua: bati la mita 6 kwa 10, mvua ya milimita 800 kwa mwaka, toa asilimia 20 ya kumwagika na kukauka, unabaki na lita 38,400. Ripoti inapendeza. Sasa nenda kaangalie vishikio. Vinatakiwa kila sentimita 60, wao wanaweka kila mita moja na nusu ili bajeti itoshe. Masika ya kwanza gata linalegea katikati, maji yanashuka ukutani, tangi halioni kitu.

Halafu lile bomba la kutupa maji ya kwanza, yenye vumbi na mavi ya ndege. Paa hilo linataka lita 30 zitupwe. Bomba la inchi 4 linabeba lita 8 kwa mita, kwa hiyo unahitaji karibu mita 4. Ukutani unakuta kipande cha mita moja. Na kile kitundu cha chini cha kulimwaga lenyewe kinaziba kwa jani moja tu la mgrevilea. Asipokabidhiwa mtu kwa jina kukizibua, bomba linabaki limejaa na uchafu wote unapitiliza tangini.

Spana 22: Ndiyo nikasema koki. Ya plastiki, shuleni, watoto 400. Hesabu wiki.

Maji ya Chai Juu: Kwa huku kwetu chini ya Meru gata ni dawa, maana mvua haina floraidi, ile chumvi ya visima vyetu inayoharibu meno na mifupa ikizidi. Shida ni vijana wanaokuja kutibu maji ya kisima kwa shabu na chokaa. Njia yenyewe ni nzuri: ndoo ya lita 20, shabu gramu 12.8, chokaa gramu 6.4, koroga haraka dakika moja, polepole dakika tano, acha itulie saa nzima, kinga kwenye koki iliyo sentimita 5 juu ya kitako ili usivute tope. Wanaharibu wapi? Maabara wanapima kwa mizani, kijijini wanamwachia mama kijiko. Shabu ya dukani ni mabonge. Kijiko cha mabonge na kijiko cha unga havina uzito mmoja. Chokaa ikipungua maji yanakuwa na ukali, shabu ikipungua floraidi inabaki palepale na hakuna anayejua, kwa sababu haina ladha wala rangi. Fungeni pakiti zilizopimwa. Na lile tope lisimwagwe anaponywea ndama, floraidi yote imehamia humo.

Kijana wa Kaloleni: Shabu ya nini karne hii? Kuchuja floraidi, mkaa wa mifupa unatosha.

Maji ya Chai Juu: Mifupa ya mnyama gani, kijana? Hilo ndilo swali la kwanza mkutanoni, na ni haki yao. Usipoonyesha ilikotoka machinjioni, kuna nyumba hazitagusa hayo maji.

Kijana wa Kaloleni: Sawa mzee, ng'ombe. Ila muhimu ni moto: nyuzi 400 hadi 500 na hewa kidogo. Ukitoka wa kahawia haukuiva, maji yatanuka. Ukitoka mweupe umeunguza, haukamati kitu. Mweusi ndiyo wenyewe. Na ukichoka kukamata floraidi hausemi, lazima upime maji.

Mama Sanya: Sasa tuongee kilichoanguka. Shule moja tambarare ya Moshi, simtanki la lita 5,000 juu ya nguzo nne za mkaratusi, mita 3. Tangi likijaa ni tani 5, kila mguu tani moja na robo. Chini ya kila mguu waliweka jiwe la sentimita 15 kwa 15! Udongo mweusi mfinyanzi, Aprili. Kiangazi chote lilisimama wima, wakapigiwa makofi siku ya makabidhiano. Usiku mmoja wa mvua mguu wa kusini ukazama, mnara wote ukalala juu ya banda la kuni la jiko. Ingekuwa saa nne asubuhi, wapishi wako humo.

Spana 22: Duh.

Bati Geji 28: Udongo huo ukilowa usiupe zaidi ya tani 5 kwa mita ya mraba. Kila mguu ulihitaji zege lisilopungua nusu mita kwa nusu mita, na vifungo vya mshazari.

Kijana wa Kaloleni: Aliyesaini mchoro ni mhadhiri, msiwabebeshe watoto.

Mama Sanya: Mhadhiri alisaini mchoro wa nguzo za chuma, kaka. Mkaratusi ulikuja hela ilipoisha.

Maji ya Chai Juu: Na mita 3 za nini? Inakupa presha ya baa 0.3 tu. Jengea mawe sentimita 60, ndoo iingie chini ya koki, basi.

Fildi Mwaka wa Tatu: Miradi inafia kwenye kuhitimu. Programu ya EPICS, ya wanafunzi wa uhandisi kuhudumia jamii, pale chuo kikuu cha Purdue, Marekani, iliyoanza 1995, timu inachanganya wa mwaka wa kwanza hadi wa nne, mradi unavuka mihula. Wakubwa wakihitimu wadogo wanaendelea.

Spana 22: Nauli ya kurudi Longido muhula ujao atatoa Purdue?

Bati Geji 28: Angalau akabidhi koki mbili za akiba, tepu ya bomba na spana kwa jumuiya ya watumia maji. Na kipuri kisichopatikana soko la Kilombero Arusha au la Mbuyuni Moshi kisifungwe kijijini.

Mama Sanya: Spana itauzwa.

Bati Geji 28: Basi tatu.

Spana 22: Mleta mada, hao kuku wa kwenye simtanki wanataga?

Mleta mada: Wanataga vizuri tu.