Eunos, MGB au Figaro: ipi ya kuendea kazini kila siku hapa Unguja?

Mchana Kweupe
Assalaam aleykum wanajamvi. Nataka gari ya mtindo wa zamani, paa la kufunua, ya kupanda kila siku, siyo ya kuifunika turubai ikasubiri Idi. Nimepekua minada ya Japani hadi macho yanawasha, nimebaki na tatu: Eunos Roadster ya taa za kuinuka (ndiyo Mazda MX-5), MGB, ile MG ya Kiingereza, ambayo jamaa anaiuza hapa hapa kisiwani, na Nissan Figaro. Pesa ipo. Jamaa wa MGB anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mngekuwa nyinyi mngechukua ipi? Tafadhali msiniambie Vitz.

Kaptura
Vitz.

Fundi Jongoo
Waaleykum salaam. Swali lako halina kichwa wala miguu, yakhe. Unakaa wapi? Unafanya kazi wapi? Gari italala ndani au nje? Nyumbani ipo gari nyengine au ndiyo hiyo hiyo ya kupelekea watoto skuli? Gia za mkono unaziweza? Na "pesa ipo" ni kiasi gani, maana hata mie pesa ninayo, ya urojo.

Mama Salwa
Figaro, wala usijiulize mara mbili. Mie ninayo, naipanda kwenda kazini na sokoni. Imetengenezwa 1991 tu, 20,000, na Wajapani waliipigia kura ya bahati ndiyo wakaipata. Sura ya zamani, lakini chini yake ni Nissan March ya kawaida, injini ya cc 987 yenye tabo, gia otomatiki. Foleni ya Darajani mguu wangu wa kushoto umepumzika.

Kaptura
Bi Mkubwa, otomatiki ya gia tatu. Ikifika kasi ya 80 inalia kama mashine ya kukoboa mpunga. Na kaka kasema anataka ya michezo.

Mama Salwa
Hakusema michezo, kasema mtindo wa zamani. Rudi ukasome. Na wewe hiyo 80 unaikimbilia wapi, kila baada ya kona tuta?

Mzee wa Kaskazi
Watoto nyinyi mkitaja gari ya michezo mnataja vitu vyenye sura ya kisanduku cha halua. Datsun 240Z ndiyo gari. Ilishinda Safari Rally 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta. Mwaka ule Mehta alilingana na Harry Källström, naye yumo ndani ya Datsun, ikabidi kanuni iamue. Tope, vumbi, mawe, na ikafika. Sasa mnaniambia gari ya zamani haiwezi kutoka Bububu kwenda mjini?

Kaptura
Babu, nani kataja Bububu? Halafu 240Z ina paa la bati, na bei yake leo ni ya nyumba ya ghorofa.

Mzee wa Kaskazi
Bububu nimekisia. Na kabla ya hapo Bert Shankland, mtu wa Dar es Salaam, alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Hiyo ilikuwa gari ya familia! Someni.

Mchana Kweupe
Mzee kakisia sawa, nakaa Bububu. Kazi Malindi ya hapa mjini. Gari italala nje, nikiwa kitandani bahari naisikia. Gia za mkono naziweza, mke wangu haziwezi. Noah ipo, lakini ni yake.

Fundi Jongoo
Na bei?

Haya, kama bei ni siri niseme la injini. Chukua Eunos. Ile 1.6 ya 1989 hadi 1993 ni B6, ukoo mmoja na ya Mazda Familia. Mkanda wa taimingi ukikatika vali hazigongani na pistoni. Gari inazimika tu, unavutwa, unafunga mkanda mpya, unaondoka. Gari ngapi za leo zinakusamehe hivyo? Ukiipenda ya 1.8, hiyo ilianza 1993. Ila zile za mwanzo kabisa, hadi 1991 hivi, angalia puli ya mbele ya krenki, ile shafti kuu ya injini: ncha ya krenki ni fupi, boliti ikilegea inaitafuna na hapo ni kufungua injini yote.

Kitu chengine ambacho mafundi wetu hawakijui: betri yake ipo ndani ya buti, na ina mrija wa kutoa hewa nje. Ukienda dukani ukapachika betri yoyote bila mrija, mvuke wa tindikali unakula bati la buti taratibu.

Kiberenge
Spea za Mazda utaagiza hadi uzeeke. Nunua Toyota MR-S, 1999 hadi 2007, injini katikati, paa la turubai. Injini ni 1ZZ, ile ile ya Wish na Allion za mwanzo za 1.8. Duka lolote la spea mjini wanakupa filta bila kuuliza maswali.

Fundi Jongoo
Filta watakupa. Na 1ZZ za mwanzo zinavyokunywa oili umewaambia? Kwenye MR-S kuna katalisti ndogo, ya kusafishia moshi, ndani ya manifoldi, pale moshi unapotokea injini. Ikivunjika, vumbi lake linavutwa ndani ya silinda. Na ile ya gia za SMT, isiyo na pedeli ya klachi, usiiguse kabisa. Hapa hakuna wa kuitengeneza.

Mama Salwa
Na haina buti. Mkungu wa ndizi utaupakata?

Kiberenge
Nyuma ya viti kuna nafasi.

Mama Salwa
Ya mkungu mzima?

Chumvini
Nimekuwa nasoma kimya, lakini hiyo MGB ya hapa hapa kisiwani imenitoa. Kaa chini nikuhadithie.

Yangu niliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anafunga biashara upande wa pwani ya mashariki. Kijani, rimu za spoku, rangi unajiona uso. Miaka yote ilikuwa ikilala mkabala na bahari. Mwanzo raha tupu: jioni Forodhani, watu wanapiga picha, mie nimevimba. Halafu mlango wa kulia ukaanza ukaidi. Nikiwa peke yangu unafungika, nikimpakia mtu haufungiki. Fundi akasema bawaba, akabadilisha pini, nikalipa. Wapi!

Siku moja pancha njia ya Tunguu. Nikatia jeki chini ya kizingiti cha mlango, nikazungusha. Jeki inapanda, gari haipandi. Nikainama: jeki imetoboa imezama ndani. Kilichomwagika pale ni vipande vya pati ya kuzibia bati, magazeti, na wavu wa dirisha. Walijaza tundu kwa wavu na magazeti, wakapaka pati, wakapiga rangi, wakaniuzia.

Sasa sikiliza kwa nini mlango ulikuwa unagoma. MGB ya wazi haina paa la kushikilia mbele na nyuma. Inabebwa na vile vizingiti viwili chini ya milango. Vikioza, gari inalegea katikati na tundu la mlango linabana. Nikampelekea fundi wa kuchomea. Mtu hodari wa mageti. Akakata bati bovu lote kwa mkupuo bila kufunga chuma cha kushikilia tundu la mlango kwanza, gari ikashuka tumbo, akaichomea vile vile ikiwa imepinda. Kutoka hapo milango yote miwili haikufungika. Nikawa natembea nimeifunga kamba ya katani, mwanamme mzima.

Umeme usiniulize. Fyuzi zake za kuhesabu kwa mkono mmoja, zote zimeota kijani. Taa zikiwaka, indiketa zinakufa. Muuzaji simu hapokei, keshapanda ndege. Mwisho niliiuza kama vyuma kwa mtu wa bara, na fedha niliyopata haikutosha hata ile ya kuchomea.

Mzee wa Kaskazi
Pole sana, lakini kosa siyo la gari. Zaidi ya 500,000 zilitengenezwa kati ya 1962 na 1980. Hadi leo bodi mpya nzima inatengenezwa Uingereza. Spea zake ni rahisi kupata kuliko za Eunos.

Chumvini
Uingereza, Mzee. Siyo Mwembeladu.

Kaptura
Kama ni MG tu anayoitaka, kuna ile RV8 ya miaka ya 90. Karibu 2,000 tu duniani na nyingi zilipelekwa Japani mpya kabisa, usukani kulia. V8 ya lita 3.9. Minadani huwa zinapita.

Kiberenge
V8 ya kwendea Malindi! Na siku petroli ikiadimika atasukuma?

Fundi Jongoo
Turudi kwa mwenye mada. Kwa kuwa gari inalala nje Bububu, kitakachoiua ni kutu. Eunos nayo inaoza, tena mahali pa siri: vizingiti mbele ya tairi za nyuma. Maji ya mvua yakishuka kwenye turubai yanaingia mifereji miwili nyuma ya viti, yanatokea chini. Ukiegesha chini ya mwembe, majani yanaziba mfereji, maji yanarudi ndani ya kizingiti yanakaa humo masika nzima. Zibua kila mwezi kwa mrija laini wa plastiki. Usitumie waya, utatoboa mpira wa mfereji na hapo umejimaliza. Bati za ndani zipulizie nta.

Kiberenge
Nta ya nini, oili chafu inatosha. Wazee wote walipaka oili chafu chini ya gari na zimedumu.

Fundi Jongoo
Na bushi zote za mpira zikavimba. Endelea.

Mama Salwa
Hata mie nisifiche: viti vyangu vya ngozi nyeupe masika vinaota ukungu wiki nisipovifuta. Na kiyoyozi kilikuja na gesi ya zamani ya R12, ikabidi nibadilishiwe mfumo. Lakini spea za urembo, mikono ya milango, mipira ya paa, naagiza Uingereza, kule Figaro ni nyingi mno. Na mke wako ataiendesha. Hilo peke yake linakutosha.

Mtoto wa Wete
Jamani, hizi gari zinapita wapi? Ukija nazo Pemba njia ya zamani ya Wete na Chake ni nzuri kwa macho, miti imekutana juu, lakini Konde kwenda Ngezi utaacha ekzosi. Halafu, turubai likichanika anashona nani?

Mama Salwa
Mafundi wa makochi. Yangu kaishona mmoja wa Mwanakwerekwe anayeshona viti vya daladala. Ila mshono umetoka haujanyooka.

Mtoto wa Wete
Basi bora Vespa. Kuna mtu ana Vespa ya zamani anauza? Iwe na karatasi.

Kaptura
Ushuru wa gari umeuulizia, Mchana Kweupe? Usikisie. Nenda kwa wakala wa forodha na karatasi ya mnada mkononi kabla hujatuma hata senti. Na ukiona daraja R kwenye karatasi hiyo, maana yake imeshagongwa ikatengenezwa.

Mchana Kweupe
Ahsanteni nyote. Jamaa wa MGB kapiga simu, kasema kuna mteja mwengine yuko njiani. Naenda kuitazama Jumamosi.

Chumvini
Mteja mwengine, siku zote yupo! Chukua sumaku, ipitishe chini ya milango. Pasiposhika pana pati. Kisha mkalishe mtu mnene ndani, ufunge mlango.

Fundi Jongoo
Mie nitakuja, nauli yangu ya daladala tu. Lakini bei hujaitaja bado.

Kiberenge
Mtoto wa Wete, Vespa ninayo. PX ya 150, karatasi zipo, ila kiti kimechanika.

Mtoto wa Wete
Tuma picha. Na usiipige maji kwanza, nataka niione kutu yake.